Je, mtoto mkimya hana akili? Tabia na akili zinavyohusiana



Swali la leo linatoka Mkonze, katika Jiji la Dodoma, ambako bado unaweza kukuta shamba la uwele limepakana na nyumba mpya. Mama mmoja ana watoto wawili wa kiume. Mkubwa ni msemaji. Darasani hujibu kabla mwalimu hajamaliza swali, na kila mgeni akija nyumbani husema, "Huyu ana akili." Mdogo ni mkimya. Ukimtuma dukani anarudi na chenji kamili, na mbuzi akipotea yeye ndiye anayejua alipitia wapi. Lakini upimaji wa darasa la nne umemwendea vibaya. Ndugu wa upande wa mume wanasema huyo abaki na mifugo, na fedha ya sare na madaftari iende kwa kaka yake.

Mama anauliza: je, ukimya wa mtoto huyu ni dalili kwamba hana akili?

Jibu fupi ni hapana. Jibu refu linapitia kwa wafugaji wa Kenya, Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, wanafunzi wa Bagamoyo na hata ndege wa Uholanzi. Tuketi tulieleze polepole, maana juu yake kuna maisha ya mtoto.

Tabia ni moja, akili ni nyingine

Katika mazungumzo ya kila siku, neno tabia lina maana ya mwenendo: huyu ana tabia nzuri, yule ana tabia mbaya. Wanasaikolojia hulitumia kwa maana iliyo karibu na hulka, yaani namna mtu alivyozoea kuhisi, kuwaza na kutenda, leo na hata mwakani. Wengi wao hupanga hulka za watu katika mafungu makubwa matano:

- Udadisi: kupenda mambo mapya na mawazo mapya.
- Bidii na utaratibu: kumaliza ulichoanza na kutunza ahadi.
- Uchangamfu: kupenda watu, mazungumzo na shughuli.
- Wema kwa wengine: kushirikiana, kuamini na kuhurumia.
- Wasiwasi: wepesi wa kuogopa, kuhuzunika au kukasirika.

Kila mtu ana kiasi chake cha kila fungu, kama mboga ilivyo na kiasi chake cha chumvi.

Akili ni jambo jingine. Hapo tunazungumzia uwezo wa kuelewa, kukumbuka, kuona jinsi vitu vinavyohusiana na kutatua tatizo ambalo hujawahi kukutana nalo. Mwaka 1904 Mwingereza Charles Spearman alionyesha kwamba watoto wanaofanya vizuri katika somo moja huelekea kufanya vizuri katika masomo mengine pia. Akaona kuna uwezo wa jumla unaofanya kazi nyuma ya masomo yote. Wazo hilo ndilo lililozaa sehemu kubwa ya vipimo vya akili vinavyotumika hadi leo.

Njia rahisi ya kuvitofautisha ni hii: akili inahusu kile unachoweza kufanya, tabia inahusu kile unachofanya mara kwa mara. Mtu anaweza kuweza na asifanye. Mwingine uwezo wake ni wa kawaida, lakini hufanya kila siku bila kuchoka.

Uhusiano upo, lakini ni mdogo

Mwaka 2023 watafiti Kevin Stanek na Deniz Ones walichapisha kazi iliyokusanya matokeo ya tafiti zaidi ya 1,300 kutoka nchi zaidi ya 50, zenye watu zaidi ya milioni 2. Walitaka kujua tabia na akili vinafuatana kwa kiasi gani.

Fungu linalofuatana na akili kuliko mengine ni udadisi. Watu wanaopenda mawazo mapya huelekea kupata alama za juu kidogo katika vipimo. Wenye wasiwasi mwingi huelekea kupata alama za chini kidogo, na sehemu ya sababu yake si ngumu kuiona: mtu anayetetemeka mbele ya karatasi ya mtihani hawezi kuonyesha yote aliyo nayo. Na kule kupenda kukaa na watu na kuzungumza? Uhusiano wake na akili unakaribia sifuri. Msemaji anaweza kuwa na akili nyingi au chache, na mkimya vilevile.

Bidii ina habari yake. Mwenye bidii si lazima awe na akili kuliko wengine, lakini hufaulu shuleni. Mwaka 2009 mtafiti Arthur Poropat alikusanya tafiti zilizohusu wanafunzi zaidi ya 70,000. Akaona kwamba bidii na utaratibu husaidia kupata alama nzuri, na kwamba msaada huo kwa sehemu kubwa hautegemei akili. Kwa hiyo alama za shuleni zinabeba vitu viwili kwa pamoja, uwezo wa kichwa na mazoea ya kazi. Ukiona alama mbaya, bado hujajua kati ya hivyo viwili ni kipi kimepungua. Huenda hata ni kitu cha tatu, na hicho tutakifikia.

Kwa nini watu hawafanani?

Hapa tunaingia katika fani inayoitwa saikolojia ya mageuzi. Wasikilizaji wetu wana imani mbalimbali kuhusu asili ya mwanadamu. Sisi tunaeleza namna wanasayansi wa fani hii wanavyofikiri.

Wao huanza na wazo la Charles Darwin, aliyechapisha kitabu chake mashuhuri mwaka 1859. Viumbe hutofautiana, tofauti nyingi hurithiwa, na zile zinazomsaidia kiumbe kuishi na kuzaa huongezeka kizazi baada ya kizazi. Mfugaji yeyote anaijua kazi hiyo. Ukichagua dume la ng'ombe linalovumilia kiangazi, baada ya miaka zizi lako linabadilika. Tofauti ni kwamba katika maumbile hakuna mfugaji anayechagua. Ukame, njaa, magonjwa na maisha ya pamoja ndivyo vinavyochuja.

Swali linafuata hapo hapo. Kama tabia fulani ni bora, kwa nini maumbile hayakutufanya sote tuwe nayo? Kwa nini katika nyumba moja, kwa baba na mama wale wale, anazaliwa msemaji na mkimya, jasiri na mwoga?

Mkulima wa Dodoma ana jibu hilo ghalani. Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, na kwa wastani ni kati ya milimita 500 na 600 kwa mwaka. Mwaka ambao mvua imekatika mapema, mbegu inayokomaa haraka ndiyo inayookoa nyumba. Mwaka wa mvua nyingi, mbegu inayochelewa huzaa zaidi. Ungeulizwa mbegu ipi ni bora, ungejibu kwa swali: mwaka gani? Ndiyo maana mkulima mwangalifu hapandi aina moja shamba zima.

Watafiti wameona jambo kama hilo kwa viumbe hai. Nchini Uholanzi, Niels Dingemanse na wenzake walifuatilia ndege wadogo wa msituni. Walimwachia kila ndege katika chumba asichokijua, wakaangalia anakikagua kwa haraka au polepole. Halafu wakahesabu nani alinusurika mwaka hadi mwaka. Katika matokeo waliyochapisha mwaka 2004, kuna mwaka ambao wepesi wa kukagua walinusurika zaidi, na kuna mwaka ambao wa polepole ndio walionusurika, kutegemea chakula kilivyokuwa msituni. Tena kwa majike na madume mambo yalikwenda kinyume. Hakukuwa na hulka moja iliyoshinda siku zote, kwa hiyo zote zikabaki.

Wanasaikolojia wa mageuzi wanaona hali kama hiyo kwa binadamu. Mchangamfu hupata marafiki na nafasi nyingi, lakini pia hujitia katika hatari nyingi. Mwenye wasiwasi hulala vibaya, lakini ndiye anayesikia fisi akikaribia zizi. Mdadisi hugundua njia mpya, na wakati mwingine hupotea nayo. Kila hulka ina faida yake na gharama yake.

Akili nayo ina gharama. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili wa mtu mzima, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya nguvu anayotumia akiwa amepumzika. Kitu kinachokula kiasi hicho lazima kiwe na kazi kubwa. Mwaka 1976 Nicholas Humphrey alitoa hoja kwamba kazi hiyo ilikuwa hasa kuishi na watu: kujua nani wa kuaminika, nani amekasirika, nani atalipa deni. Kama hoja hiyo ni sahihi, basi sehemu ya akili yetu ilikua kwa sababu ya kuzisoma tabia za wenzetu. Na anayesoma wenzake vizuri si lazima awe anayesema sana.

Wahadzabe wanatafuta nini kwa mwenza?

Wanasayansi wanaotaka kuelewa maisha ya kuwinda na kukusanya huja kwetu Tanzania. Wahadzabe, wanaoishi kuzunguka Ziwa Eyasi, ni miongoni mwa watu wachache duniani ambao bado wapo kati yao wanaoishi kwa mishale, asali, mizizi na matunda ya porini.

Mwaka 2004 mtafiti Frank Marlowe alichapisha majibu ya Wahadzabe kuhusu sifa wanazozitaka kwa mume au mke. Wanaume na wanawake wote walitaja tabia kuwa jambo muhimu. Wanawake waliipa akili uzito zaidi kuliko wanaume walivyofanya, na walijali sana kama mwanamume anajua kutafuta chakula. Wanaume nao walitaka mwanamke mchapakazi.

Majibu hayo yanatufundisha jambo. Wahadzabe hawakuwahi kukalishwa chini kufanya kipimo cha Spearman ili waoane. Wanaijua akili kwa kuiona kazini, ikiwa bega kwa bega na tabia: nani anarudi na nyama, nani anagawa, nani hachoki.

Kijijini, akili ina maana pana zaidi

Tafiti za Kenya zinaonyesha jambo hilo kwa uwazi. Katika miaka ya 1970 Charles Super na Sara Harkness waliishi na Wakipsigis katika kijiji cha Kokwet. Wazazi wa pale walitumia neno ng'om kwa mtoto mwenye akili, wakimaanisha mtoto unayeweza kumtuma na kumtegemea, anayeona kazi inayotakiwa na kuifanya bila kusubiri kuambiwa. Mtoto hodari wa masomo walimtenga kwa maneno ng'om en sukul, yaani mwenye akili ya shuleni. Walijua hizo ni akili mbili.

Kwa Wajaluo, Elena Grigorenko, Robert Sternberg na wenzao walikuta maneno manne. Rieko ni maarifa na ujuzi. Luoro ni heshima na kuwajibika. Winjo ni kuelewa namna ya kushughulikia mambo ya maisha. Paro ni kuwaza na kuanzisha jambo. Katika kazi waliyochapisha mwaka 2001, rieko peke yake ndiyo iliyofuatana na alama za shuleni. Maneno mengine matatu hayakuonekana katika karatasi ya mtihani.

Mwaka huo huo, timu hiyo ilichapisha matokeo mengine kutoka huko huko. Watoto 85, wa miaka 12 hadi 15, waliulizwa kuhusu miti shamba inayotumika kutibu magonjwa ya kwao, kisha wakapewa vipimo vya kawaida vya shule. Waliojua zaidi dawa za miti shamba walielekea kupata alama za chini katika msamiati wa Kiingereza. Watafiti wanaeleza kwamba familia nyingi huchagua kuwekeza upande mmoja: mtoto huyu atajifunza ya nyumbani, yule ya shule. Alama zinafuata uwekezaji.

Ukirudi Mkonze, ndivyo ndugu wa mume wanavyotaka kufanya. Wakishamwacha mdogo na mifugo, baada ya miaka mitano atajua mifugo na hatajua hesabu. Kisha watasema, "Si tulisema?"

Funzo kutoka Bagamoyo

Wapo waliochukua alama za vipimo vya mara moja na kudai kwamba Waafrika wana akili ndogo. Utafiti uliofanyika karibu na Bagamoyo unaonyesha udhaifu wa dai hilo.

Sternberg, Grigorenko na wenzao, wakiwamo Watanzania, waliwapima watoto 458 wa shule, wenye umri wa miaka 11 hadi 13. Kipimo kimojawapo kilikuwa mchezo wa maswali ishirini, ambapo mtoto anatakiwa kutambua kitu kwa kuuliza maswali ya ndiyo au hapana. Baada ya kipimo cha kwanza, kundi moja lilifundishwa kwa muda mfupi, chini ya saa moja kwa jumla, mbinu za kushughulikia maswali ya aina hiyo. Kundi jingine halikufundishwa. Kisha wote wakapimwa tena.

Waliofundishwa walipanda kuliko wenzao. Na alama za baada ya kufundishwa zilieleza uwezo wa mtoto vizuri zaidi kuliko zile za mwanzo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2002. Maana yake ni kwamba kipimo cha kwanza kilikuwa kinapima zaidi nani amezoea maswali ya aina ile. Akili ilikuwepo, ikisubiri kuonyeshwa njia.

Tumesema kuna kitu cha tatu kinachoweza kushusha alama. Ni afya. Mwaka huo huo wa 2002 ulichapishwa utafiti kuhusu watoto wa shule wa Tanzania wenye kichocho. Wenye maambukizi makubwa walikuwa na kumbukumbu hafifu ya muda mfupi na walichelewa zaidi kuitikia. Njaa, minyoo, upungufu wa damu, macho yasiyoona ubao na masikio yasiyosikia vizuri humfanya mtoto mwenye akili aonekane mzito. Mtoto asiyesikia vizuri mara nyingi huwa mkimya pia.

Mkonze ya leo si ya jana

Serikali iliamua mwaka 1973 kuhamishia makao makuu Dodoma. Kwa miaka mingi mambo yalikwenda taratibu. Kuanzia mwaka 2016 yakaja kwa kasi, na mwaka 2018 Dodoma ikatangazwa kuwa jiji. Katika kata kama Mkonze, shamba la jana ni kiwanja leo. Kijana aliyezaliwa kuchunga anaweza kujikuta anaishi kwa ufundi umeme, udereva, biashara au kompyuta.

Kumbuka mfano wa mbegu. Hakuna ajuaye mwaka utakuwa wa namna gani. Mzazi anayechagua mtoto mmoja kwa kuangalia nani anasema zaidi ni kama mkulima anayetupa mfuko mmoja wa mbegu kabla hajaona mvua. Ukimya, uangalifu na kumbukumbu ya njia alizopita mbuzi ni mali katika kazi nyingi za jiji hili jipya. Shule zetu za sekondari nazo sasa zina mkondo wa amali, unaofundisha ujuzi wa kazi pamoja na masomo ya kawaida.

Hapo tuseme neno kuhusu mabinti. Msichana mkimya husifiwa kwamba ana adabu, na hakuna anayeuliza anawaza nini. Msichana mdadisi, mwenye maswali mengi, huambiwa hana adabu. Lakini tumeona kwamba udadisi ndio unaofuatana na akili kuliko hulka nyingine. Ukiuzima kwa binti, unazima kitu ambacho kwa kaka yake ungekisifu.

Mzazi afanye nini?

Kabla ya kugawa fedha ya madaftari, jaribu haya:

- Anza na afya. Mpeleke mtoto zahanati akapimwe minyoo, kichocho na damu. Angalia kama anaona ubao na kama anasikia ukimwita kwa sauti ya chini akiwa amekupa mgongo. Nyumbani tumia chumvi yenye madini joto, hasa kwa mama mjamzito, kwa sababu upungufu wake huathiri ubongo wa mtoto tangu tumboni.
- Fanya kama Bagamoyo. Mpe hesabu iliyomshinda, mwonyeshe njia taratibu, kisha mpe nyingine inayofanana nayo. Angalia amepanda kiasi gani baada ya kuonyeshwa.
- Ongea na mwalimu. Mwombe asimpime kwa kunyoosha mkono peke yake. Mtoto mkimya hujibu vizuri zaidi kwa kuandika au akiwa na mwenzake mmoja.
- Jenga bidii kwa ratiba. Saa moja ya kusoma, kila siku, wakati ule ule, kabla giza halijaingia. Hulka haibadiliki kwa siku moja, lakini mazoea hujengwa.
- Acha kulinganisha ndugu mbele yao. Mtoto anayeambiwa kila siku kwamba mwenye akili ni kaka yake huacha kujaribu.

Wazee walisema akili ni mali. Walisema pia akili nyingi huondoa maarifa, wakijua kwamba kichwa chepesi bila utulivu kinaweza kumpoteza mtu.

Kwa mama wa Mkonze tunasema hivi. Mtoto anayefuata nyayo za mbuzi, akakumbuka alipopita jana na akakisia alipo leo, anatumia kumbukumbu na anaunganisha dalili. Hiyo ni akili inayofanya kazi mbele ya macho yako. Bado haijapata njia ya kufika kwenye daftari, na njia hiyo anaweza kuonyeshwa. Mnunulie sare yake pia.

Kama una swali kuhusu malezi, masomo au afya ya mtoto wako, tutumie ujumbe wa sauti au wa maandishi. Tutalitafutia majibu, na tutalisoma hewani bila kutaja jina lako.